Hodi Langoni

Mdogo wangu kuitwa Chekeche, mimi sikubali hata leo. Mikono yake haijawahi kuwa na matundu. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nikimrushia ndala kwa hasira, anaidaka, halafu ananirudishia kwa adabu: "Dada, shika ndala yako." Tatizo lake liko mdomoni. Ana kigugumizi, tena kile kibaya, kinachokaba neno kooni mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Mtu atauliza, kipa na kigugumizi wapi na wapi? Kipa anaongea, jamani! Mpira ukipigwa juu, yeye ndiye anayeona kila kitu, kwa hiyo akiutaka lazima apige kelele "Yangu!" ili mabeki wampishe. Ndugu yangu akifika kwenye "Y-y-ya", mpira umeshatua. Katika mechi yake ya kwanza kubwa alitoka kimya, akagongana na beki wake mwenyewe, wakaanguka wote wawili, na mpira ukajiviringisha taratibu mpaka wavuni. Watu wakairekodi kwenye simu na kuiwekea muziki. Timu ile ikamtema. Ya pili nayo ikamtema. Jina la Chekeche likamganda, hata kwa kinyozi hapati amani.

Akaja kukaa kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho ninachoshonea, na wanawake huja kupimwa humo, kwa hiyo mlango una pazia tu na sheria moja: hakuna kuingia bila hodi. Awe mume wa mtu, awe ndugu wa damu, akijipitisha kimyakimya namrushia mkasi. Utani kando, mkasi nimeshaurusha.

Timu ya tatu ilimchukua kwa sababu kipa wao alivunjika kidole. Ilikuwa mkiani kabisa mwa ligi, na mimi ndiye nilikuwa nikiwashonea namba kwenye jezi, kwa hiyo nilikuwepo kocha alipompa masharti. "Tukibaki daraja hili, unabaki. Tukishuka, ndiyo basi. Na tusidanganyane, kijana, baada ya hapa hakuna atakayekuchukua." Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Kichwa hakina kigugumizi.

Mechi ya kwanza wakafungwa vilevile, krosi ileile, ukimya uleule. Kesho yake nilikuwa nampima mteja kiuno, pini mdomoni, nikasikia nje ya pazia: "Hodi!"

Safi. Haina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimeisikia kila siku bila kuisikia. Nikazitema pini.

"Rudia!"

"N-n-nini, Dada?"

"Ulivyosema sasa hivi. Rudia!"

"Hodi?"

"Kwa nguvu!"

"Hodi!"

Mteja akadhani nimerukwa na akili. Nilimwacha amejifunga kitambaa cha kanzu kiunoni, nikatoka naye uani na mabaki ya nguo niliyoyafunga kama mpira. Narusha juu, anatoka, "Hodi!", anadaka. Narusha tena, "Hodi!", anadaka. Nikaanza kulia huku nacheka. Alinitazama kama vile amepewa mdomo mpya, anajishikashika.

Mabeki walimcheka, bila shaka. Beki wao wa kati, mtu mzima mwenye magoti mabovu ambaye wote walimwita Babu, alimuuliza, "Hodi? Tuko uwanjani hapa au umekuja kuomba chumvi?" Lakini Babu si mjinga. Alipoisikia mara tatu nne nyuma yake, akainamisha kichwa na kupisha, mpira ukaishia mikononi mwa kipa, akasema, "Haya, pita mwanangu, nyumba ni yako."

Basi tukaanza kupumua. Sare, kisha ushindi, kisha sare. Mashabiki nao wakaling'amua lile neno. Mdogo wangu akitoka langoni, "Hodi!", jukwaa zima linaitikia, "Karibu!" Jina la Chekeche likafa, wakamwita Mwenyeji. Kinyozi yuleyule aliyemkebehi akawa anajigamba kwa wateja kwamba kichwa kile anakinyoa yeye. Na mdogo wangu, aliyekuwa akipita vichochoroni ili asisalimiwe, akaanza kupita katikati ya barabara. Siku moja nilimwona anabishana na muuza machungwa, anagugumiza, anacheka, hajali. Nilifurahi mpaka nikajishona kidole.

Babu ndiye aliyeanza kuingiwa na wasiwasi. Alikuja kushonewa suruali, akakaa kwenye kigoda changu, akamwambia, "Mwenyeji, tafuta neno lingine. Hili limeshakuwa la wote. Hata wauza maji wanalijua."

Tukajaribu, Mungu ni shahidi. "Wangu" likakwama. "Toka" likakwama. "Pisha" lilitoka na mate tu. Jioni nzima aliketi kati ya marobota ya vitambaa akilazimisha shingo yake, mpaka nikamwambia basi, inatosha, utajiumiza. Alikuwa na neno moja tu duniani.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare. Sare tu, hata ya kuokoteza. Nilikaa kwenye benchi la jezi, nyuma kidogo ya goli letu, sindano kwenye ukosi kama kawaida yangu. Mdogo wangu alidaka siku ile, asikudanganye mtu. Alipangua shuti moja kwa ncha za vidole nikajikuta nimesimama nampiga makofi mgongoni mwanamume nisiyemjua.

Zikiwa zimebaki dakika chache, wakapiga krosi. Ilikwenda mbali na lango, kwa hiyo mdogo wangu akabaki mstarini, akamwachia Babu. Babu alikuwa chini ya mpira kabisa, anajiandaa kuutoa kwa kichwa. Nyuma yake palikuwa na mshambuliaji wao mmoja, mwembamba, kipara. Nilimwona akifungua mdomo.

"Hodi!"

Babu akainama, akapisha.

Yule kipara akaupiga kwa kichwa kule alikotaka. Mdogo wangu aliruka, lakini aruke wapi, alikuwa amechelewa tayari. Na kabla mpira haujatulia wavuni, jukwaa la wageni likasimama lote, mikono juu: "Karibuuu!"

Filimbi ya mwisho ikalia, tumeshuka daraja, nami nikaingia uwanjani na ndala zangu. Nilimfuata mwamuzi mpaka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. "Umemsikia? Ameigiza sauti ya kipa! Si ni kosa hilo?"

"Mama," akaniambia, wala hakuwa mkali, "tangu mechi ianze uwanja mzima unapiga hodi. Nitamkamata nani?"

Kwa Babu nako nikaambulia machozi yake tu. "Nimepisha," alikuwa akirudia. "Nimesikia hodi, nikapisha. Miezi yote hii ndivyo tulivyofanya." Ningemlaumu vipi? Kocha yeye alikusanya chupa za maji, akapanda gari, akaondoka. Njiani kurudi nyumbani, watu tuliowajua na tusiowajua walikuwa wakiitana kwa kicheko, hodi huku, karibu kule, na mbele ya duka la kinyozi mtu mmoja akaita kwa sauti ya juu, "Chekeche!" Mdogo wangu akageuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko vyote, kwamba aligeuka.

Wiki ile timu ikaniletea jezi zote nifumue namba, wanaanza upya huko chini. Pamoja nazo palikuwa na ujumbe wa mdomo kwamba kipa mwingine amepatikana. Mdogo wangu akatoka asubuhi kurudisha glavu zao.

Mchana nilikuwa kwenye cherehani na jezi yake mapajani, nafumua ile namba moja uzi kwa uzi, na kwenye kona mteja anajaribu gauni. Nikaona viatu vya mdogo wangu chini ya pazia. Vimesimama. Nikasubiri.

"H-h-h..."

Nikauweka wembe chini. Nikadhani nimesikia vibaya.

"H-h-h-ho..."

Mteja akaniangalia. Nilitaka kumwitikia kabla hajamaliza, nimsaidie, neno lenyewe ni dogo, mtoto analijua. Nikafungua mdomo niseme karibu. Nikasikia lile jukwaa lote limesimama na mikono juu, na neno likanikwama hapohapo kooni. Aibu gani ile, mimi sina kigugumizi.

Visigino vikageuka. Nilipokuja kufunua pazia, alikuwa ameshafika barabarani, anaishika njia ya vichochoroni.