Mgeni wa Kiwanja Namba Tatu

Awor alikuwa ameanika kimea cha wimbi kwenye mkeka, anafukuza kuku kwa ufagio, pale Oboth mumewe alipoingia uani na blanketi lake limekunjwa begani. Jua lilikuwa bado halijaukaribia Mwamba wa Tororo. Oboth alikuwa amekufa tangu mwaka wa nzige, kwa hiyo alipiga hodi kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua kwamba hakutazamiwa.

"Karibu, Baba Apendi," Awor akasema. "Pita pembeni, hicho kimea hakijakauka."

Oboth akauzunguka mkeka. Udongo ulimdondoka magotini, akauokota ili asichafue ua uliofagiliwa.

"Uliniambia tumeambiwa tuhame," akasema. "Nami nimehama."

Awor akashika kiuno. Kosa lilikuwa lake, na alilijua papo hapo.

Kwa Wajopadhola habari ya nyumbani haifichwi kwa yule aliyezikwa nyumbani. Akizaliwa mtoto, unakwenda kaburini unasema. Ng'ombe akiuzwa, unasema. Binti akiposwa, unasema, tena unataja na mahari, maana marehemu hapendi kusikia mambo yake kwa majirani. Basi serikali ilipotangaza kwamba ardhi ile ya chini ya Mwamba itakuwa kambi ya wasafiri, na kwamba wote wakaao pale waondoke na mbuzi wao kabla ya mvua, Awor alikwenda kaburini na kibuyu, akamwaga pombe kidogo, akalirudia tangazo lote neno kwa neno. Wanawake wengine waliokuwa na watu wao mle ardhini walinyamaza. Walichukua majembe na vyungu, wakaondoka kwa kunyata, na marehemu wao wamelala mpaka leo bila kujua kwamba juu yao mtu anakaanga mayai. Awor hakuwa mke wa kumficha mumewe jambo. Naye Oboth alikuwa mtu ambaye enzi za uhai wake alilipa kodi ya kichwa kabla ngoma ya chifu haijapigwa. Akalitafakari tangazo, akaona ni halali, akainuka, akakunja blanketi.

Mwaka huo bwawa la Jinja lilikuwa linajengwa, na Wazungu wa Nairobi na Kitale walikuwa wakivuka mpaka pale Busia kwenda kulitazama. Walikuja wakivuta nyumba nyuma ya magari yao. Nyumba kamili, yenye magurudumu, pazia dirishani, jiko ndani, na meza inayogeuka kitanda. Watu wa Tororo waliona ni jambo la busara, kama kobe. Kambi ilikuwa na waya kuizunguka, bafu la mabati, choo cha shimo chenye mlango, na ubao langoni unaosema bei: gari lenye nyumba, kwa usiku mmoja, shilingi tano, maji ya moto ya kuoga, bei yake mbali, kuni, bei yake mbali. Viwanja vilipewa namba. Kizuri kuliko vyote kilikuwa namba tatu, chini ya mvule, karibu na bafu. Hapo ndipo Oboth alipokuwa amezikwa.

Mwanzoni Awor hakuona ubaya wowote. Nyumba yake mpya, kule kando ya kinamasi, ilikuwa inavuja, na Oboth aliiezeka upya. Alitengeneza mlango uliokuwa ukikwaruza. Jioni waliteleka maji, wakaumiminia mtungi wa pombe, wakatia mirija miwili.

"Maji hayajachemka vizuri," Oboth alisema.

"Miaka yote hiyo umekaa chini, na neno lako la kwanza ni hilo?"

"Pombe ni nzuri. Ila maji."

Awor akacheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Alikuwa amesahau jinsi mtu anavyoweza kukukera kwa namna unayoipenda.

Tatizo lilikuwa usingizi. Marehemu ana mahali pamoja tu pa kulala, na Oboth hakuwapo mahali pale. Alijilaza mkekani, akageuka huku, akageuka kule, kukakucha. Kila kulipokucha alikuwa mwepesi zaidi. Kuku alimpita, akamsukuma kando. Siku moja alikuwa juu ya paa akifunga nyasi, upepo wa kinamasini ukamnyanyua, naye akabaki hewani ameshika kamba, akiomba radhi. Awor akamshusha kwa upembo wa kuangulia mapapai.

"Ulipokuwa hai kukuamsha ilikuwa kazi ya watu wawili," alimwambia, akimshonea mawe kwenye pindo la shati. "Leo nakuangua kama papai."

Apendi, binti yao aliyeolewa Dabani, akaja kuwatembelea. Akapiga magoti, akamwamkia baba yake, wakaongea mambo ya mihogo. Kisha akamvuta mama yake nyuma ya jiko.

"Mama, nilikuwa naongea na baba, nikawa naona mafiga kupitia kifuani mwake."

"Najua."

"Upepo wa kiangazi utamchukua. Atapotea, mama. Hatutakuwa hata na mahali pa kwenda kumwambia kitu."

Kesho yake asubuhi Awor akajifunga gomesi, gauni lake la kutokea, akaenda kambini.

Langoni alikuwako askari aliyeitwa Omoding, Mteso mwenye miguu mirefu, anapaka mawe chokaa.

"Mama Apendi! Umeleta pombe?"

"Nimeleta shida. Nataka mahali pa mzee kulala."

"Mama, mimi nakuheshimu sana, lakini hii kambi haina pahali ya mtu mweusi kulala. Mchana ingia, fua nguo, pasua kuni. Kengele ikilia, toka. Hata mimi nalinda hapa, lakini nalala nje ya waya."

"Na wapishi wa Wazungu?"

"Kule kwa kibanda, kwa maji. Mbu nakula wao mpaka asubuhi."

"Oboth hataki kibanda. Anataka kaburi lake. Asipolala atapeperuka."

"Kaburi iko wapi?"

"Namba tatu."

Omoding akapiga mluzi. "Ile ya kivuli! Mzee wako alichagua vizuri." Akachovya burashi kwenye chokaa, akapaka jiwe moja, akafikiri, akapaka lingine. Kisha akanyosha burashi kuelekea ubaoni. "Angalia, mama. Hii ubao inasema gari yenye nyumba. Haisemi ya nani. Haisemi navutwa na nini. Wewe leta gari."

Gari lilikuwa la Edimu, aliyelima kwa maksai na kubeba pamba ya watu mpaka kiwandani. Msimu wa pamba ulikuwa haujafika, gari limelala uani kwake, kuku wanatagia ndani.

"Nyinyi Wajopadhola mnakumbuka gari siku ya shida," Edimu alisema. "Siku zingine mnajua pombe tu."

"Nanyi Wateso mnapokuja kuinywa mnatumia mrija gani?"

"Mrefu, mama. Tunakaa mbali na matusi yenu."

Lakini tayari alikuwa ameanza kuwatoa kuku. Wakasimamisha fito nne juu ya gari, wakazungushia mikeka ya mafunjo, wakaezeka kwa nyasi. Awor akakata kipande cha gomesi yake ya zamani, akakitundika dirishani kiwe pazia. Oboth alisimama karibu akishika nyundo, kwa kuwa nyundo ilimsaidia kubaki chini.

Wakaingia kambini alasiri, maksai mbele, nyuma yao gari la familia moja kutoka Kitale likingoja zamu kwa subira. Msimamizi wa kambi alikuwa Mzungu mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Kamba, kwa ajili ya kamba aliyopimia viwanja. Alilizunguka gari la Edimu kama alivyoyazunguka magari yote.

"Gari hii iko na breki?"

Edimu akasukumia jiwe chini ya gurudumu. "Iko."

"Nani nalala ndani?"

"Mume wangu," Awor akasema. "Alikufa."

"Kufa lini?"

"Mwaka wa nzige."

"Ugonjwa gani? Ya kuambukiza?"

"Homa ya mapafu, bwana. Iliisha."

Bwana Kamba akafungua pazia. Oboth akavua kofia. Alikuwa amekaa na mawe mapajani, na kupitia kwake ulionekana mkeka wa nyuma, mpaka mshono wake.

"Yeye napika ndani?"

"Hapiki."

"Nakunywa?"

"Kidogo. Lakini ana kelele kuhusu maji."

Bwana Kamba akatia mikono mifukoni. Alikuwa mtu wa haki, kwa kadiri kanuni ilivyomruhusu, na kanuni ilisema mwenyeji haruhusiwi kulala ndani ya waya. Alitazama mvule, akatazama Mwamba, akatazama viatu vyake. Watu wa Kitale walizima injini.

"Huyu nalipa kodi ya kichwa?"

Oboth akajibu mwenyewe, kwa uchungu kidogo. "Nililipa mpaka nilipokufa. Baada ya hapo hawakunipokea."

"Basi," Bwana Kamba akasema, na uso wake ukakunjuka, "hapana kodi, hapana mwenyeji. Kama hapana mwenyeji, yeye mgeni. Mgeni nalipa, mgeni nalala."

"Na mimi?" Awor akauliza.

"Wewe iko hai. Wewe mwenyeji. Kengele nalia, wewe natoka."

"Bwana, shamba hili ni lake. Alizaliwa hapa. Mvule ule kaupanda baba yake."

"Ndiyo, ndiyo," Bwana Kamba akasema kwa upole. "Kwa sababu hiyo mimi napatia yeye namba tatu."

Edimu akalirudisha gari nyuma mpaka kivulini. Oboth akashuka, akayaweka mawe yake kando moja moja, akatandika blanketi, akaingia ardhini kama mtu anayeingia chumbani kwake taa ikiwa imeshazimwa. Kengele ilipolia Awor alikuwa bado amechuchumaa pale, kiganja chake juu ya udongo. Akausikia ukipanda na kushuka. Akatoka nje ya waya akiwa anatabasamu, na Omoding akamfungulia lango.

Asubuhi Oboth alikuwa mzito. Alipokanyaga jani, jani lililia. Mama mmoja Mzungu wa kiwanja namba nne akapeleka malalamiko kwamba mgeni wa namba tatu anakoroma hadi vijiko vyao vinatikisika. Bwana Kamba akamjibu kwamba ubao hausemi lolote kuhusu kukoroma. Baada ya siku chache mama yule akazoea, akawa anamwachia Oboth kikombe cha chai kando ya gurudumu. Oboth aliiona chai hiyo ni nyepesi mno, lakini aliinywa, maana mtu hakatai ukarimu nyumbani kwake.

Kulipa ilikuwa kazi ya Awor. Alipika pombe mara mbili kwa juma badala ya mara moja, akaipeleka sokoni Busia, pale wachimbaji wa dhahabu wa Tiira walipokuja kulewa na madereva walipokuja kungoja foleni ya forodha. Wateja wakimuuliza kwa nini anakazana hivyo na uzee ule, alisema ana mtu yuko kambini. Walidhani anasema juu ya mwana anayefanya kazi. Wakamwongezea senti.

Jioni, kabla ya kengele, alimletea mumewe mtungi mdogo. Wakakaa chini ya mvule na mirija yao, magari ya wageni yamewazunguka, watoto wa Kizungu wakirushiana mpira juu ya vichwa vyao.

"Umelipa?" Oboth aliuliza kila mara.

"Nimelipa. Kunywa."

"Maji leo yamechemka."

"Ala! Leo jua litachwea Kenya."

Msimu wa pamba ulipofika, Edimu alilihitaji gari lake, na bila magurudumu Oboth hakuwa mgeni tena. Akarudi kwa Awor na blanketi begani, akakaa mpaka pamba ilipokwisha, akawa mwepesi, akashonewa mawe, akashushwa mara mbili kwa upembo. Edimu alikuja kuomba radhi kwa kuwatenganisha na kambi. Awor akamwambia asijali. Usiseme alifurahi, maana mumewe alikuwa anateseka kwa usingizi. Lakini majirani walimsikia akiimba akipepeta wimbi. Pamba ilipokwisha, gari likafagiliwa nyuzi, likarudi chini ya mvule. Kisha ubaoni bei ikapanda, kwa sababu choo kilikuwa kimewekwa paa jipya. Oboth hakutumia choo. Awor akalipa.

Ikapita miaka. Awor akaanza kuona kwamba magoti hayamtii, na kwamba njia ya Busia imekuwa ndefu kuliko ilivyotengenezwa. Siku moja, baada ya kulipia juma, hakuondoka dirishani pa ofisi.

"Bwana," akasema, "na mimi siku yangu ikifika? Nataka kulala hapo hapo, ubavuni mwake."

Bwana Kamba alikuwa amezeeka pia, na alimpenda mama huyu asiyechelewa kulipa. Akavua miwani, akaifuta.

"Inawezekana, mama. Watu wawili, gari moja, nalipa moja na nusu. Lakini namba tatu watu mingi nataka sana. Wewe nataka, bora weka arubuni sasa."

"Nani atalipa nikishalala?"

"Mtoto iko?"

"Yuko Dabani."

"Basi, yeye."

Awor akafungua fundo la leso yake, akatoa arubuni, akaisukuma juu ya meza. Akauliza kama kwa bei hiyo ya wawili kuni zimo.

Bwana Kamba akasikitika kwa dhati. Kuni, akasema, ni mbali.