Matanga ya Jirani Asiye na Jina

Mchana huo gari lililombeba jirani wa mlango wa mbele linaondoka, na Bi Staamili, mpishi mstaafu wa shule anayeishi peke yake ghorofa ya nne, anarudi ndani na kujinyoosha kwenye kochi bila hata kuvua mtandio. Siku nne yule bwana amelala maiti ng'ambo ya korido, hatua sita tu kutoka jikoni kwake, na yeye siku zote hizo anakaanga vitunguu na kusikiliza redio. Usingizi unamchukua na wazo hilo kifuani, na mara anajiona amebeba sinia la chakula lililofunikwa kawa, anafungua mlango kwenda matangani.

Korido haina mwisho. Inapinda, inakuwa barabara, barabara inakuwa mtaa wa maghorofa ya vioo, na kila kioo kinamwonyesha yeye mwenyewe, kanga ile ile, sinia lile lile, akina Staamili mia wanaotafuta msiba mmoja. Anamfikia mlinzi aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, na mlinzi huyo hana uso, mahali pake ni laini kama sahani iliyooshwa. Kaka, msiba uko wapi? Uko kwa marehemu, anajibu mlinzi. Naye ni nani? Ni yule uliyekuwa ukimsikia akikohoa. Nyumba namba ngapi? Hesabu mara ulizomwamkia, utaifikia. Bi Staamili anatafuta hata mara moja, haioni, na machozi yanamlenga. Anatembea. Nyuma ya kioo kimoja anauona ule ua wa Magomeni alikolelea wanawe: Mama Chausiku anachambua mchele, mtu anaazima chumvi, mtoto wa yeyote anaogeshwa na yeyote. Anagonga. Wanageuka, wanatabasamu, midomo inasema karibu, sauti haipiti, na ua wenyewe unafifia mpaka anabaki anagonga sura yake mwenyewe.

Ndipo mlango mmoja unafunguka. Ndani kuna mkeka, na juu ya mkeka yule bwana, na fulana yake nyeupe, amekaa matanga yake mwenyewe. Karibu jirani, anasema, wewe ndiye wa kwanza. Nisamehe ndugu yangu, sikujua. Najua hukujua. Siku ile nilipozidiwa niligonga ukuta. Nilikusikia, anasema Bi Staamili, nikadhani fundi anapigilia misumari. Bwana yule hakasiriki. Anapokea sinia, anakata tonge, anampa yeye kwanza, na hapo tu Bi Staamili anapata ujasiri wa kuuliza. Kwani waitwa nani? Mbwana Shekue, anasema, mtu wa Muheza.

Jua la alasiri liko kwenye kapeti. Bi Staamili anatoka mbio na jina mdomoni, miguu mitupu, sakafu ya korido ni ya baridi. Dada mmoja wa ghorofa hiyo hiyo anatoka kwenye lifti. Mwanangu, yule bwana aliyefariki, si aliitwa Mbwana Shekue? Dada anachomoa kidude cha muziki sikioni. Bwana yupi, mama? Anaingia kwake, na ufunguo unazunguka mara mbili.

Bi Staamili anabaki pale pale, hajui kama ameamka au bado amelala. Anaweka kiganja kwenye mlango wa mbele uliotiwa kufuli mpya, anainamisha kichwa. Mola, mrehemu Mbwana Shekue. Na kama siye, mrehemu huyu aliyekuwa akikaa hapa.