Makoa Walevi

Tangu arudi kwao Butihinda, Burundi, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, Ursula alikuwa na ugomvi mmoja tu, lakini alikuwa nao kila asubuhi. Mbegu za mboga ya chainizi alizozifunga kwenye pindo la kanga tangu kambini zilikuwa za mwisho. Alipanda miche arobaini nyuma ya nyumba. Siku ya nne ikabaki kumi na mmoja, mingine imekatwa shingo.

Mwizi alimjua bila kumwona. Jirani yake Kasilda alikuwa amelima shamba hilo la Ursula miaka kumi na mitatu mwenyewe akiwa uhamishoni, akalirudisha bila kesi. Nani hurudisha ardhi kwa moyo mweupe? Ursula akasimama uani akaporomosha maneno, jina hakutaja, ila uso aliuelekeza kwa Kasilda. Akampigia hata mwanawe Moses, mwenye kiduka Magarama kule Gitega.

"Umemwona kwa macho, mama?"

Ursula akakata simu. Watoto wa siku hizi!

Jioni hiyo Kasilda akaingia na bakuli la mashapo ya pombe ya ndizi, akalifukia kati ya miche mpaka ukingo ukawa sawa na udongo, akaenda zake. Ursula akadhani ni uchawi. Hakuthubutu kuligusa.

Asubuhi bakuli lilijaa makoa, wale konokono wasio na nyumba, wamekunywa wakafa. Kwenye mchanga mkavu wa kambini Ursula hakuwahi kuwaona.

"Wezi wako ni hawa," Kasilda alisema, akiwatoa kwa mkono. "Muchana wanajificha chini ya majani ya migomba. Usiku wanakula. Lakini pombe, hawawezi kuipita."

Ursula aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. "Nilidhani ni wewe."

"Nilijua, mama Moses. Bon, sauti yako iko na nguvu."

"Na bado umekuja?"

"Shamba hii ililisha watoto wangu sita. Hakuna hata moja alilala njaa. Myaka yote mi nilitaka kusema aksanti, lakini mwenyewe alikuwa Tanzania."

Ursula akamshika mikono yote miwili, imejaa ute, wala hakujali. Alikuwa analia.

"Ungeweza kuliacha likawa pori," akasema. "Asante, dada yangu. Asante kwa kulilima."