Nambari Isiyosogea

Kideri kiliwamaliza kuku wote wa marehemu mama kwa wiki moja. Yalibaki mayai arobaini, na mimi Talitha, mwalimu wa umeme ninayejiona fundi, nikaunda sanduku la kuyaangulia: balbu ya joto, kompyuta ndogo ya kuiwasha na kuizima, na kioo kidogo cha kuonyesha joto. Mayai yale yakiharibika, mbegu ya mama imekatika.

Siku ya kumi na nane, Jumamosi asubuhi, kioo kikazimika. Nami natakiwa harusini huko Base, mji wa jirani, hadi Jumapili. Nilishika nyaya zake nne moja moja, nikitukana kimoyomoyo, mpaka nikaupata wa umeme umelegea. Nikaukaza, nikaanzisha programu upya, kioo kikawaka: 37,6. Nikazifunga nyaya kwa utepe upesi upesi, pikipiki inaningoja nje.

"Papa, sasa usifungule sanduku hata kidogo," nikamwambia baba. "Mayai iko karibu kupasuka. Angalia tu namba."

Baba alikuwa karani wa stesheni miaka thelathini. Akachukua daftari, akalichora mistari: saa, joto, sahihi.

Mchana nikampigia simu. "Trente-sept virgule six," akasema kwa Kifaransa chake cha stesheni: 37,6. Alasiri, ile ile. Nikajisifu mbele ya shangazi zangu. Magharibi, ile ile, na hapo nikaisukuma sahani kando. Joto la sanduku lile halijawahi kutulia. Hupanda, hushuka, hata mlango wa chumba ukifunguliwa tu. Nililala vibaya. Jumapili asubuhi nikapiga tena.

"Iko ile ile," akasema baba. "Haijabadirika hata mara moya. Si njo muzuri?"

Sikuaga mtu. Baridi ya Juni ilinikata uso njia nzima, nami namhimiza mwenye pikipiki mpaka akanichoka.

Nyumbani nikaifungua kompyuta. Programu ilikuwa imesimama tangu Jumamosi, dakika ile niliyokaza utepe: waya mmoja ulicheza, programu ikakatika, balbu ikabaki imezimwa. Kioo cha namna ile hakijui kuwa hakuna tena anayekiletea habari. Hushikilia tu nambari ya mwisho. Haraka yangu ya harusi ndiyo iliyofanya haya.

Mayai yalikuwa ya baridi. Tuliyamulika kwa tochi ya simu, yote arobaini. Hakuna kivuli kilichotikisika ndani.

Daftari lilikuwa mezani, 37,6 kutoka juu hadi chini, na sahihi ya baba kila mstari, hata za usiku.

"Papa, haukusikia kitu?"

"Nilisikia," akasema. "Asubui mapema niliweka mukono ku mbao. Ilikuwa baridi kabisa. Nikasema, mukono ya muzee inajua nini? Mutoto wangu alisoma. Nikaandika yenye masini ilisema."

Nilitamani ardhi inimeze. "Papa, njo minyi niliua kuku ya mama."

Akatikisa kichwa, yai moja bado liko kiganjani mwake.

"Hapana. Weye haukukuwa hapa. Minyi nilisikia baridi."