Madoa Yaliyorudi Nyuma

Mimi si mtu wa kununa, lakini kwa hili nimenuna, na sioni dalili ya kuacha.

Kila siku saa nne klabu yetu ya anga ilitoka nje na darubini. Hatukuchungulia ndani, jua lingetupofusha. Mwalimu wa fizikia aliielekeza juani, mwanga ukatokea upande wa pili na kuangukia karatasi nyeupe: duara kubwa kama sahani, lenye madoa meusi.

"Hilo doa dogo," alisema, "lingeimeza dunia yetu nzima na bado lisishibe."

Tangu siku hiyo nilipagawa. Kila mtu alichora madoa kwenye daftari lake, na siku hadi siku tuliyaona yakihama kutoka kushoto kwenda kulia, maana jua nalo linajizungusha. Sheria ilikuwa moja tu: usichokiona, andika "sikuona".

Mwenye daftari bora angekwenda wiki nzima kwenye kituo cha darubini kubwa. Nafasi moja. Wote walijua ni mimi au Pacha, rafiki yangu wa dawati moja, aliyepewa jina hilo kwa jinsi tulivyogandana.

Kisha malaria ikanilaza siku tisa.

"Lete daftari, nitakuchorea," Pacha aliniambia. "Wewe pona tu."

Sheria niliijua. Nikajitia hamnazo. Kila jioni alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanionyesha ukurasa wa siku hiyo. Kwa homa ile, sikukagua chochote.

Siku ya kuchagua, Mwalimu alifungua daftari langu mbele ya wote, akafunua kurasa taratibu, akakomea kwenye ukurasa mmoja.

"Hapa madoa yanatoka kulia kwenda kushoto. Siku tisa nzima. Jua liligeuza njia kwa sababu gani, binti?"

Darasa likaangua kicheko. Nikamtazama Pacha.

"Nilikuwa naumwa, Mwalimu. Alinichorea Pacha."

"Mimi?" Pacha hakupepesa hata jicho. "Kila mtu ana daftari lake, Mwalimu."

Mwalimu alifunga daftari. "Ungeandika tu 'sikuona', ungekwenda wewe."

Iliniuma, lakini bado nilimtetea moyoni. Labda alichora harakaharaka. Labda alishika karatasi vibaya. Wenzetu walipotoka nililivuta daftari lake kutoka chini ya dawati. Siku zilezile tisa, madoa yalitoka kushoto kwenda kulia, safi, bila kosa hata moja.

Alinikuta nimelishika.

"Kumbe uliyaona," nikasema.

"Nafasi ilikuwa moja," akajibu. "Ulitaka nifanyeje?"

Ameshaondoka na begi lake kwenda kituoni. Nafasi ningeisamehe, hata kile kicheko. Kinachonichoma ni zile jioni tisa, alipokuwa ananifunulia ukurasa na kuuliza kama nimeupenda, na mimi kila jioni nikamshika mkono nikimwambia asante.