Msimpe Profesa Pole

Binti alikuwa amebakiza somo moja tu amalize chuo, na somo lenyewe alikwisha kulifeli mara moja. Akilifeli tena, habari za roboti na akili mnemba zinaishia hapo, arudi nyumbani kwa mama yake, ambaye tayari ameutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anatengeneza watu wa chuma.

Mtu wa chuma mwenyewe alikuwa kigari cha magurudumu manne, cha kupeleka dawa wodini, kinachosikia sauti. Ukikiambia njoo kinakuja, ukikiambia rudi kinarudi. Wanafunzi wenzake walikibatiza Mstaarabu, kwa kuwa kilitii kuliko wao. Sauti ya kukifundishia binti aliiazima kwa mama yake. Mama alirudia maneno mbele ya kinasa sauti mpaka koo likamkauka, na hakuuliza hata mara moja ni ya nini.

Neno lililosumbua lilikuwa "polepole". Binti aliwaza kwamba wagonjwa wazee wataogopa kigari kinachowajia mbio, basi mtu akisema polepole, kipunguze mwendo nusu, na akisema haraka, kirudie mwendo wake wa kawaida. Lakini watu wakiwa na wasiwasi hulimeza neno, kompyuta ikawa inanasa kipande tu. Binti akaona isiwe taabu: ikisikia "pole" moja, itosheke. Akajisifu kimoyomoyo, akaenda kunywa chai.

Siku ya mtihani, Profesa wa somo lile alikaa kwenye kiti katikati ya maabara, mguu wa kulia ameunyoosha. Kidole gumba chake kilikuwa na jongo, hivyo alivaa ndala hata kwenye mahafali. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kukuuliza swali moja kwa upole, kisha kusubiri uzame mwenyewe. Wazazi waliruhusiwa kuhudhuria, na mama alikaa mstari wa mbele, amevaa nguo yake ya kuendea harusi za watu.

"Njoo," binti akasema.

Mstaarabu akaja. Kamera yake ilifungwa usawa wa goti, na goti la Profesa lilikuwa mbali na kidole chake. Gurudumu la mbele likapanda juu ya kidole gumba. Profesa akatoa sauti ambayo haimo katika kitabu chake chochote.

"Pole, Profesa!" wanafunzi wakasema kwa pamoja.

"Pole sana!" akadakia fundi wa maabara.

Nani angenyamaza? Mtu akijikwaa barabarani tu anapewa pole na wasiomjua, sembuse profesa mwenye jongo. Mstaarabu akapunguza mwendo nusu, kisha nusu ya nusu.

"Rudi!" binti akapiga kelele.

Mstaarabu akatii. Akaanza kurudi kwa mwendo wa kucha kuota.

"Pole, mwalimu, pole sana baba yangu!" mama akalia, kwa sauti ile ile iliyomlea Mstaarabu, na gurudumu likatulia kabisa.

Kumzima kusingefaa, kwani akizimwa breki hujifunga papo hapo. Kumnyanyua nako kulikuwa kazi: alibeba betri ya gari na chupa tele za maji badala ya dawa. Fundi alijaribu, akaambulia kushika kiuno, na watu wakampa pole naye.

Binti hakuwahi kumpandishia mama yake sauti, ukiacha miaka ya uchanga.

"Nyamazeni wote! Mtu asiliseme hilo neno! Mama, funga mdomo!"

Maabara ikawa kimya. Mama akafunga mdomo. Binti aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini hapakuwa na nafasi ya aibu.

"Haraka," akasema. "Rudi."

Mstaarabu akashuka, akarudi pembeni, akasimama kwa adabu zote.

Profesa akafuta jasho, akavua ndala, akakikagua kidole.

"Hebu niambie," akasema kwa upole. "Wodini, watu wanasema neno gani kutwa nzima?"

Binti angeweza kukisingizia kinasa sauti.

"Pole," akajibu. "Hospitalini hakitafika popote. Niliwaza wagonjwa, nikawasahau wanaokuja kuwaona. Kosa langu."

"Na hapa nani amenitua huu mzigo?"

"Mimi, Profesa."

"Kwa kuninyima pole."

"Ndiyo, Profesa. Nisamehe."

Profesa alifikiri muda mrefu, au pengine ni kidole kilichokuwa kinampwita.

"Umefaulu, kwa mbinde," akasema. "Wengine wote walinihurumia. Wewe ulikitafuta kilichonishikilia. Karekebishe."

Wenzake wakapiga makofi, lakini binti hakuwa nao. Alimwendea mama yake. Mama alikaa wima, mikono mapajani, midomo ameibana, machozi yanamtiririka. Binti akachuchumaa mbele yake, moyo unamuuma.

"Mama, nimefaulu."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Mama, nakuomba, sema neno."

Mama akamtupia Mstaarabu jicho la pembeni, akainama, akamnong'oneza bintiye sikioni:

"Naruhusiwa?"