Kioo Ndani ya Lipu

Vumbi lilitangulia. Kabla ya kilio, kabla ya jina la mtu kuitwa, vumbi lilitoka madirishani mwa kanisa, likatua kwenye nywele, kwenye meno, kwenye vikombe vya chai. Watu watatu walibaki chini ya mnara ulioporomoka. Walionusurika wakafanya ishara ya msalaba, wakasema ni mapenzi ya Mungu.

Timazi hakusema hivyo. Timazi, fundi mwashi, mwanamke aliyepewa jina la uzi wa kunyooshea kuta kwa kuwa hawezi kupita penye kilichopinda akanyamaza, aliokota tofali la mnara akalivunja kwa vidole. Kwa vidole, jamani! Mchanga mtupu.

Msimsingizie Mungu, aliwaambia. Mungu hakukoroga saruji hii.

Miezi minane parokia ikasali chini ya turubai. Miezi minane ikabeba, ikachekecha, ikajenga. Paa likarudi. Ukabaki ukuta wa kaskazini na ufa wake, mwembamba, mpole, kama tabasamu la mwongo. Timazi akabandika vipande vitatu vya kioo kuvuka ufa ule, saruji huku na huku. Kioo kikipasuka, aliwaeleza, ukuta bado unatembea. Niachieni hadi mvua ziishe.

Hawakumwachia. Askofu anakuja Jumapili kutabaruku kanisa, na ukuta wenye viraka utamtia nani aibu? Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mjomba wake Timazi, tumbo moja na mama yake, akaita wapiga lipu siku ambayo mpwa wake hayupo. Lipu juu ya ufa. Lipu juu ya vioo. Rangi ya maziwa juu ya lipu. Na chini yake, mabenchi ya kwaya ya watoto. Pembeni kabisa, bega likigusa ukuta, nafasi ya binti wa Timazi.

Ewe ukuta uliopakwa poda, nani alikufundisha kunyamaza?

Jumamosi mchana Timazi aliingia na nyundo na tindo.

"Mjomba, uliviangalia vioo kabla ya kuvifukia?"

"Ufa ni ufa tu, mwanangu. Mbona wewe una makunyanzi na hujaanguka?"

Wapaka rangi wakacheka. Timazi akapiga. Lipu mbichi ikadondoka kama ngozi ya kidonda. Kioo cha kwanza: vipande viwili. Cha pili: viwili. Cha tatu kimeachana hata kidole kinapita.

Mjomba akaanza kusema ni majaribu, akaanza kusema Mungu ana njia zake.

"Msimsingizie Mungu," Timazi alisema, taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko nyundo. "Mungu alituonyesha, mjomba. Wewe ndiye uliyeziba."

Paroko akatoka sakristia, akatia kidole kwenye ufa, akakitazama. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akashika ncha ya benchi la watoto, akaanza kulivuta kuelekea mlangoni.

Askofu alisoma misa chini ya turubai, viatu vyake vikizama matopeni. Jumatatu ukuta ukashushwa, tofali kwa tofali. Vumbi likapanda, na safari hii walikuwa wanalingoja, vitambaa puani, watoto wamewekwa mbali. Likatua kichwani mwa mjomba, akiwa amebeba karai la kifusi. Hakulipangusa.

Timazi alimwona. Hakuwa amemsamehe. Akamsogezea karai jingine.